Barua ya wazi kuhusu orodha za maneno katika michezo ya Kiswahili mtandaoni

Kwa watengenezaji wa michezo ya maneno ya Kiswahili mtandaoni. Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA). Baraza la Kiswahili Zanzibar (BAKIZA). Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI) ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, Zanzibar.

Yah: Maneno halali kukataliwa na yasiyo maneno kupokelewa

Waheshimiwa,

Siku hizi mtu mwenye simu anaweza kucheza kwa Kiswahili mchezo wa kubahatisha neno la herufi tano, mchezo wa kupanga herufi ubaoni kwa zamu na mwenzake aliye mji mwingine, au mchezo wa kusaka maneno yaliyofichwa katika fungu la herufi. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari mkoani Tanga, na ninaipenda michezo hii bila kificho, kwa sababu imewafanya vijana wabishane kuhusu maneno ya lugha yao bila kusukumwa na mtihani. Ninalolalamikia ni kitu kimoja ambacho mchezaji hakioni, nacho ni orodha ya maneno iliyo ndani ya programu, ambayo ndiyo inayoamua lipi ni neno la Kiswahili na lipi si neno. Katika michezo niliyoicheza, orodha hiyo imetungwa kana kwamba Kiswahili hakina sarufi yake, haijulikani ilitolewa wapi, wala haina mahali ambapo mchezaji anaweza kukata rufaa. Ninawaandikia nyote kwa pamoja kwa kuwa hakuna hata mmoja kati yenu anayeweza kulirekebisha jambo hili akiwa peke yake: mwenye programu hana maneno, na mwenye maneno hana programu.

Nitoe mfano kutoka klabu yetu ya Kiswahili, ambako huwa naunganisha simu yangu na projekta ili wanafunzi wote wacheze mchezo mmoja wa herufi tano. Mwanafunzi wa kidato cha pili alipendekeza "viazi". Visanduku vikatikisika, na ujumbe ukatokea kwamba neno hilo halimo. Mwenzake akasema tujaribu "kiazi", nalo likapokelewa mara moja. Tukaandika "viatu", likakataliwa; "kiatu" likapita. "Vyama" halikupita, "chama" likapita. Kufikia hapo wanafunzi walikuwa wamekwisha kuigundua kanuni ya mashine ile, kwamba kila kilicho katika wingi ni kosa. Baadaye jibu la siku likafunuliwa, nalo lilikuwa "epesi". Hakuna mzungumzaji wa Kiswahili, awe wa Lamu au wa Lubumbashi, anayesema "epesi" kama neno kamili. Tunasema mzigo mwepesi, watu wepesi, jambo jepesi, kazi nyepesi, vitu vyepesi. Hiyo "-epesi" ni shina, na kamusi huliandika likitanguliwa na kistari ili msomaji ajue kwamba linasubiri kiambishi. Aliyeitayarisha orodha aliondoa vistari vyote kwa amri moja ya kompyuta, na mashina yakageuka kuwa maneno. Mtoto aliyefika pale akijua kwamba sokoni wanauza viazi aliambiwa kwamba hajui Kiswahili, na mashine iliyomwambia hivyo ikamfundisha "epesi".

Chanzo cha kosa hili kinaeleweka. Mtengenezaji wa mchezo huhitaji orodha ya maneno, na njia rahisi ni kuchukua vidahizo vya kamusi, yaani maneno yanayoorodheshwa ili yaelezwe. Kidahizo, hata hivyo, ni anwani ya neno tu. Kamusi ya Kiswahili humpeleka msomaji kwenye "kiazi" na kumwonyesha ngeli, ikiamini kwamba msomaji huyo anajua kuunda wingi wake. Programu haijui, nayo haikufundishwa. Wapo wanaojibu kwamba ndivyo michezo ya aina hii ilivyo kila mahali, na kwamba orodha ikiwa ndefu mno mchezo utaharibika. Hilo si kweli. Orodha ya Kiingereza inayochapishwa na Collins kwa ajili ya Scrabble, mchezo wa kupanga herufi ubaoni, ina maneno zaidi ya 270,000, na miongoni mwake zimo nomino katika wingi na vitenzi vya wakati uliopita. Orodha ya Kifaransa inayochapishwa na Larousse inazidi maneno 400,000 kwa sababu inabeba maumbo ya vitenzi katika nafsi na nyakati zote, na hakuna Mfaransa anayeambiwa kwamba kitenzi cha nafsi ya kwanza wingi si Kifaransa. Mwaka 2015 Nigel Richards wa New Zealand, ambaye haongei Kifaransa, alishinda ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa kwa kuikariri orodha ile, na aliweza kufanya hivyo kwa sababu kulikuwa na orodha iliyochapishwa, inayojulikana na inayomfunga kila mchezaji. Sisi hatuna hata hiyo ya kukariri.

Kwa upande wa nomino na vivumishi kazi si kubwa. Ngeli ya kila nomino imo katika kamusi, na mtaalamu mmoja wa sarufi akikaa na mwandishi mmoja wa programu wanaweza kutoa umoja na wingi wa nomino zote, kisha wakatoa vivumishi pamoja na viambishi vyake: mrefu, warefu, ndefu, kirefu, virefu, marefu. Mashina yasiyoweza kusimama peke yake, kama "-epesi", "-erevu", "-ingine", "-ote" na "-angu", yaondolewe kabisa, na mahali pake yaingie maumbo ambayo watu huyasema. Kipimo ninachokipendekeza ni kwamba umbo likiweza kusimama peke yake katika sentensi iliyoandikwa kwa Kiswahili sanifu, na nafasi mbili pande zote, hilo ni neno, liwe kidahizo au lisiwe.

Ugumu wa kweli uko kwenye vitenzi, na hapa ninawaomba mnivumilie kwa kuwa ndipo mabishano yalipo. Tuchukue "soma". Kwa nafsi 6 na viambishi 4 vya njeo (wakati) na hali vilivyozoeleka, yaani -na-, -li-, -ta- na -me-, tunapata maumbo 24. Tukiongeza viambishi vya yambwa (mtendwa) vya ngeli za vitu vinavyosomwa, kama kitabu, vitabu, barua, gazeti, magazeti na ukurasa, tuna viambishi 7, na pamoja na hali isiyo na yambwa kila umbo linakuwa na sura 8. Maumbo yanafika 192. Ukanushaji unayafanya 384. Ingizeni "somea" na "somesha" kwa utaratibu uleule, nasi tunapita elfu moja kwa kitenzi kimoja kabla hatujagusa virejeshi, -nge- na -ngali-, au kauli ya kutendwa. Mtengenezaji anayeziona hesabu hizi huogopa na kuchukua moja kati ya njia mbili, na zote mbili ni mbaya.

Njia ya kwanza ni kukubali "soma" na kukataa kila kitu kingine. Mchezo wa namna hiyo humlazimisha Mswahili kuzungumza kwa amri tupu, kwa maana kitenzi kisicho na nafsi wala njeo katika lugha yetu ni cha kumwamrisha mtu mmoja. "Aende", "asome", "wakae" na "nione" yote ni ya herufi tano, yote yako vinywani mwa watoto wa chekechea, na yote hukataliwa. Njia ya pili ni kukusanya maandishi mengi kutoka kwenye magazeti na vitabu vya dini, kisha kukubali umbo lolote linalojitokeza mara nyingi. Hii inaonekana ya kisayansi zaidi, lakini matokeo yake ni ya ajabu: "alisema" linakubaliwa kwa kuwa kila habari inalo, na "mlisema" linakataliwa kwa kuwa mwandishi wa habari ni nadra kuongea na wasomaji wake katika nafsi ya pili wingi. Mwalimu hutumia umbo hilo kutwa nzima akiwa mbele ya darasa. Nafsi nzima ya sarufi inafutwa kwa sababu haikupata nafasi ya kutosha katika kurasa za habari, na pamoja na hayo majina ya wanasiasa, makosa ya uchapaji na vipande vya Kiingereza vinaingia kwenye orodha kwa kuwa vilikuwemo katika maandishi yaleyale.

Maoni yangu ni kwamba mchezo wa kubahatisha wenye idadi maalumu ya herufi uyapokee maumbo yote sahihi ya kitenzi yenye urefu huo. Kompyuta haichoki kuyazalisha wala kuyachuja, na mchezaji anayebahatisha hapati upendeleo wowote kwa kuandika "asome" badala ya "chama". Kwa mchezo wa ubaoni suala ni tofauti, kwa kuwa mchezaji akiruhusiwa kila kiambishi ataliona neno "soma" lililowekwa na mwenzake, alirefushe kuwa "nasoma", mwenzake alifanye "nasomea", na ubao uishie kuwa kitenzi kimoja kirefu. Hapo ninapendekeza tuanze na kitenzi-jina, kama "kusoma", hali ya amri, hali ya dhamira, na maumbo yenye nafsi na njeo pasipo yambwa wala kirejeshi. Najua baadhi ya walimu wenzangu hawatakubali. Watasema kwamba kuiacha yambwa ni kukikata Kiswahili mkono, na hoja yao ina uzito. Hata hivyo ni afadhali kanuni yenye mipaka iliyoandikwa, ambayo mchezaji anaijua kabla ya kuanza, kuliko orodha inayokubali "nitamwona" na kukataa "nitawaona" bila mtu yeyote kuweza kueleza kwa nini.

Kuhusu kauli za kitenzi, mashine isiachiwe kazi peke yake. Si kila kitenzi huingia katika kila kauli, na programu inayobandika viambishi kwa upofu itatuzalishia maneno ambayo hayajawahi kusemwa na mtu. Kamusi zetu kubwa huonyesha mnyambuliko wa vitenzi, na waandishi wake walifanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Kazi hiyo itumike.

Hapo linazuka swali la kamusi ipi. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja kufuatia mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, na Kamati ya Lugha iliyoanzishwa mwaka 1930 ndiyo iliyokisimamia kwa miongo kadhaa. Leo tuna Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1981 na kufanyiwa matoleo mengine baadaye, tuna Kamusi la Kiswahili Fasaha la BAKIZA la mwaka 2010, na tuna Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA iliyofuata. Maneno yaliyomo ndani yake hayalingani, wala hayatakiwi kulingana, kwa sababu kila moja ilikuwa na macho yake na eneo lake. Mchezo unaotegemea kamusi moja tu humkataza mtu neno ambalo kamusi ya taasisi jirani imelihalalisha kwa muhuri wake. Na mchezaji haambiwi kwamba neno lake halimo katika kamusi fulani. Anaambiwa kwamba si neno.

Ninaona kila siku jinsi hili linavyowaumiza watu wa pwani ya kaskazini. Tunawafundisha wanafunzi tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa na Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, ambao ni wa Kiamu, lahaja ya Lamu, na tunawaambia kwamba huo ndio msingi wa ushairi wetu. Ndani ya ushairi huo wa kale yamo "mato" kwa macho na "ndia" kwa njia. Mwanafunzi anayeyakumbuka maneno hayo na kuyaandika katika mchezo anaambiwa kwamba hayapo. Mtu wa Mombasa aliyezoea kusema "sima" hapaswi kulazimika kuandika "ugali" ili aonekane anajua lugha aliyozaliwa nayo. Kwa upande wa bara, Mkenya ana "rununu" na "githeri", Mtanzania ana "makande", na wote wawili wana haki ya kuyaona maneno yao yakipokelewa. Halafu kuna Kongo. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa za Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na nchi hiyo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, ila sijaona mchezo hata mmoja unaolijua neno "sombe", ambalo kwa watu wa mashariki ya nchi hiyo ni mboga ileile tunayoiita kisamvu. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki inalo jukumu la kuliangalia eneo hilo zima, na katika jambo hili ningependa kuiona ikitangulia.

Suluhisho la mvutano huu wa maeneo limekwisha kupatikana kwingine, nalo ni kutenganisha orodha mbili. Wordle, mchezo wa Kiingereza uliotengenezwa na Josh Wardle na kununuliwa na gazeti la The New York Times mapema mwaka 2022, ulikuwa na majibu yapatayo 2,300 tu, lakini uliyapokea maneno mengine zaidi ya 10,000 kama majaribio. Majibu yalichaguliwa miongoni mwa maneno yanayojulikana na wengi. Majaribio yaliachiwa uwanja mpana. Kwa Kiswahili utaratibu huu ungemaliza ugomvi mwingi. Jibu la siku liwe neno ambalo mtu wa Mbeya, wa Malindi, wa Bujumbura na wa Bukavu wote wanalijua, na mtoto wa Waswahili aliyekulia Muscat au Minnesota anaweza kulisikia nyumbani kwao. Majaribio yapokee neno lolote lililomo katika kamusi yoyote ya taasisi nilizozitaja, na neno la lahaja lisilomo humo lipokelewe pale mtu anapoonyesha kwamba limechapishwa katika kitabu, utenzi au gazeti. Hakuna anayepoteza kitu kwa mtu wa Lamu kuandika "mato".

Kuhusu tahajia sitasema mengi. Kama "takriban" na "takribani" yote yamo katika kamusi, yapokelewe yote. Vivyo hivyo "maandazi" na "mandazi". Lakini suala la ng' linahitaji uamuzi, kwa kuwa kibodi za michezo mingi hazina kiapostrofi, na matokeo yake "ng'oa" linakosekana au linaandikwa "ngoa", ambalo ni neno jingine lenye maana ya wivu. Ninapendekeza pia kwamba ch iwe na kisanduku kimoja. Katika alfabeti tunayowafundisha watoto, ch inasimama mahali pa c, na c haitokei peke yake. Kumpa mchezaji kisanduku cha c ni kumpa pia herufi inayofuata bila jasho. Scrabble ya Kiwelisi na ile ya Kihispania zina kete moja ya ch, kwa hiyo hatutakuwa wa kwanza.

Sasa nije kwenye maneno yanayoumiza. Mwaka 2020 chama cha wachezaji wa Scrabble cha Amerika Kaskazini kiliondoa maneno 236 ya kudhalilisha watu katika orodha yake ya mashindano, na mwaka uliofuata kampuni ya Mattel ikaondoa maneno yapatayo 400 katika orodha inayotumika kwingineko. Darryl Francis, aliyeitumikia orodha hiyo kwa miaka mingi, alijitoa kwa kupinga, hoja yake ikiwa kwamba neno lililo katika orodha si tusi mpaka litumiwe kwa nia ya kumtusi mtu. Nimeifikiria hoja hiyo kwa makini, na naiona kuwa sahihi kwa wachezaji wazoefu wawili walioketi mezani na ubao kati yao. Haitoshi kwa mchezo wa simu ambao mashine ndiyo inayomchagulia mtoto neno la siku.

Nchini kwetu tunalo neno "zeruzeru". Limo katika kamusi, na zamani lilitamkwa bila kufikiri. Lakini tumeishi miaka ambayo watu wenye ualbino walikatwa viungo na kuuawa nchini Tanzania kwa imani za kishirikina, na mwaka 2014 Umoja wa Mataifa ukaitenga tarehe 13 Juni kuwa siku ya kuhamasisha uelewa kuhusu ualbino. Wenyewe wamesema wazi kwamba neno hilo linawafanya waonekane kuwa viumbe wa ajabu, wasio watu. Mwanafunzi mwenye ualbino akiwa ameketi mbele ya projekta yangu, sitaki neno hilo lijitokeze ukutani kama jibu la siku na darasa zima lishangilie kulipata. Hali kadhalika "kilema" likikusudiwa mtu, na "mshenzi", ambalo lina historia yake ya kuwadharau watu wa bara katika zama za utumwa. Maneno haya yaondolewe kwenye majibu kabisa. Kwenye majaribio naafiki yapokelewe kimyakimya kwa kuwa yamo katika lugha, na kuyakana hakuyafuti. Ila katika michezo inayowalenga watoto yaondolewe pia.

Pamoja na hayo ninawasihi msiikabidhi kazi hii kwa vichujio vilivyotengenezwa kwa lugha nyingine. Kichujio cha matusi ya Kiingereza kinaweza kulizuia neno "fagio" kwa sababu ya herufi zake tatu za mwanzo, na wakati huohuo kikaliachia tusi la nguoni la Kiswahili ambalo mtoto wa darasa la pili analijua. Kichujio kinachosikiliza upande mmoja tu kitalifuta neno "shoga", na wanawake wa Unguja na Mombasa wanaoitana hivyo kwa mapenzi, tangu enzi za bibi zao, watashangaa kuambiwa kwamba wanatukanana. Uamuzi wa aina hii unahitaji watu, wake kwa waume, wa pwani na wa bara, wanaokaa na kusikilizana, kisha wakaandika ni neno gani limeondolewa na kwa sababu gani. Mchezaji anayekutana na neno lililofutwa bila maelezo hujenga dhana zake mwenyewe, na nimeona dhana hizo zikigeuka haraka kuwa maneno ya kikabila na ya kidini.

Nifike kwenye ombi lenyewe. BAKITA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1967 ili kukikuza Kiswahili, pamoja na BAKIZA na TATAKI, mnamiliki vidahizo ambavyo kila mtengenezaji wa mchezo anavihitaji. Naelewa kwamba kamusi ni kitabu kinachouzwa, kwamba mchapishaji ana haki zake, na kwamba fasili zilizomo ni jasho la watu. Siombi fasili. Ninaomba mtoe orodha tupu ya vidahizo, pamoja na aina ya neno, ngeli ya nomino na mnyambuliko wa kitenzi, iwe faili moja ambayo mtu yeyote anaweza kuichukua na kuitumia bila malipo na bila kuomba kibali. Kwa Kiingereza watu wa kujitolea walitayarisha orodha ya namna hiyo iitwayo ENABLE na kuiachia umma, na Words With Friends, mchezo uliotoka mwaka 2009 na kuchezwa na mamilioni, ulijengwa juu yake. Kijana wa Nairobi au wa Mwanza anayetengeneza mchezo wa Kiswahili usiku baada ya kazi hana uwezo wa kununua haki za kamusi. Asipopewa orodha nzuri atachukua mbaya, kwa sababu mbaya zipo bure. Orodha isiyo na maana za maneno haipunguzi mauzo ya kamusi hata moja. Kinyume chake, mchezaji aliyekutana na neno asilolijua atataka kujua maana yake, na maana iko ndani ya kitabu chenu.

Nanyi watengenezaji, ninawashukuru kwa kazi mnayoifanya bila faida kubwa, na ninawaomba matatu. Tajeni ndani ya mchezo orodha yenu imetoka wapi. Badilisheni ujumbe unaosema kwamba neno halipo useme kwamba halimo katika orodha hii. Na wekeni kitufe cha rufaa, ambacho mchezaji akikibonyeza neno lake linakwenda mahali linaposomwa na mtu, na baada ya muda jibu linarudi, la kukubali au la kukataa, pamoja na sababu. Katika utamaduni wetu anayetega kitendawili na kupewa mji analazimika kukitegua mbele ya wote, na waliokaa kumsikiliza wana haki ya kulikataa jibu lisiloingia akilini. Mashine inayotutegea maneno na kuchukua mji wetu isiwe na haki kubwa kuliko mtegaji huyo.

Rufaa hizo zikusanywe mahali pamoja. TATAKI ina watafiti wa leksikografia, yaani utungaji wa kamusi, na ina wanafunzi wa shahada za juu wanaotafuta data. Maneno yanayokataliwa na kulalamikiwa mara nyingi ni data ambayo hakuna mtafiti aliyewahi kuipata kwa urahisi namna hii. Kamati ndogo yenye wajumbe kutoka mabaraza yote mawili, Chama cha Kiswahili cha Taifa (CHAKITA) cha Kenya, wawakilishi wa Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo, na angalau watengenezaji wawili wa michezo, ingeweza kukutana kwa njia ya mtandao na kutoa nyongeza kwa vipindi vinavyojulikana. Orodha ya Kifaransa hurekebishwa kila baada ya miaka minne, na wachezaji wake hujiandaa kwa mabadiliko hayo mapema. Kwa hali yetu, ambapo hatuna hata toleo la kwanza, ningependekeza nyongeza zitoke kila mwaka mpaka mambo yatulie.

Tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, huadhimishwa kwa makongamano, ngonjera na hotuba. Ninaomba toleo la kwanza la orodha hiyo, hata likiwa na nomino na vivumishi peke yake, litolewe katika maadhimisho yajayo, na majina ya kamati ya rufaa yatangazwe siku hiyohiyo. Vitenzi vinaweza kufuata mwaka wa pili, baada ya mjadala ambao mimi na walimu wengi tuko tayari kushiriki. Klabu yetu imeanza kuandika maneno yaliyokataliwa kimakosa, kila neno likiwa na kamusi linamopatikana na ukurasa wake, na tutaikabidhi kumbukumbu hiyo kwa taasisi yoyote kati yenu itakayoihitaji.

Wenu mtiifu,
Mwalimu wa Kiswahili,
Tanga.